Sifa za Betri Iliyokufia Uani

Betri iliyokufa haina mtetezi. Wenye magari huiita feki, humlaani aliyewauzia, hata tairi isiyohusika hupigwa teke. Basi na isifiwe walau mara moja, hasa ile ya gari linalotoka mara mbili kwa mwezi: Vitz ya mstaafu wa Tabata inayojua njia ya kanisani na ya misibani tu, au Prado ya mtoto aliyeko ughaibuni, imefunikwa turubai huko Nyali ikimngojea mwenyewe Desemba.

Kwanza, ni mkweli. Mwenye gari anaweza kuwatangazia majirani kwamba analitumia kila wakati, na geji ya mafuta haitamsuta. Betri itamsuta, tena asubuhi ya harusi, kwa ule mlio wa tik-tik-tik ambao mtaa mzima unajua maana yake. Gari la siku hizi halilali hata funguo zikiwa sebuleni. Alamu, saa na kompyuta zake zinanyonya umeme usiku na mchana. Miliampea 30 ni kitu kidogo, lakini kwa siku inafika karibu ampea-saa 0.7, na betri ya ampea-saa 45 inabaki nusu baada ya mwezi hivi. Hapo haijahesabiwa chaji inayopotea yenyewe ndani ya betri, ambayo joto huiharakisha, na joto la pwani halina likizo.

Pili, ina nasaba. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859 kwa mabamba ya risasi yaliyozamishwa kwenye tindikali, na kimsingi mapishi ni yaleyale hadi leo. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilikuwa inavunja mikono. Anayeitukana betri akumbuke mikono yake mizima.

Kuhusu ujirani, hakuna mjumbe wa mtaa anayeifikia. Vijana wanane hujitokeza bila kuitwa, wanasukuma gari hadi njia panda, jasho linawatoka, ndipo mmoja achungulie ndani na kuona kwamba ni otomatiki. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Basi inatafutwa betri ya jirani na waya za kubusti: mwekundu unaunganishwa chanya kwa chanya, mweusi unaanzia hasi ya betri nzima na kuishia kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake, kwa kuwa betri hutoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua. Jambo hili wasaidizi wengi hulipuuza kwa moyo mkunjufu.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba haisahau. Ikipumzika ikiwa imejaa inaonyesha takriban volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikiachwa chini ya hapo kwa wiki kadhaa, chembe za salfeti ya risasi hukomaa juu ya mabamba, na baadaye hata chaja nzuri hairudishi uwezo wote. Mwenye gari hujibu kwa ibada ya Jumamosi: anawasha injini dakika tano, redio juu, kiyoyozi juu, kisha anazima akiwa ametakasika. Chaji iliyoingia ni kiduchu mno. Gari litembee nusu saa au zaidi kila wiki, au liachiwe chaja ndogo inayojirekebisha yenyewe. La sivyo waya wa hasi ufunguliwe. Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi ya Kijapani, ingawa saa na stesheni za redio zitapotea. Ikiwa ni betri ya maji, iongezwe maji ya betri, si tindikali.

Dukani nako betri hufundisha unyenyekevu. Wapo wanaodhani dawa ni kununua kubwa zaidi. Betri kubwa kwenye gari lisilotembea hufa kifo kilekile, ila wiki chache baadaye, na huenda isikae kwenye trei yake. Maandishi kama 46B24L yasomwe kabla ya bei: 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho huonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ikikosewa, waya haufiki. Tarehe ya kutengenezwa nayo itazamwe, maana betri iliyojazwa tindikali ikasahauliwa rafuni imeanza kuzeeka kabla ya kununuliwa.

Hata ikifa kabisa inaingiza pesa, kwani wanunuzi wa vyuma chakavu huitaka kwa ajili ya risasi yake. Hapa sifa zinaishia. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mwanawe akaugua, aliongoza mapambano hadi kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kwa hiyo, ndugu msomaji, betri yako ikifa usiipasue wala usimwage tindikali yake uani. Irudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani, na umuulize anazipeleka wapi.