Jinsi ya Kustaafu Mtwapa Bila Kuuliza Swali

Hongera, umemaliza. Miaka 28 ya zamu za usiku katika nyumba za kulelea wazee, Birmingham au Minneapolis, imefika mwisho. Umekatiwa keki. Umepewa kadi yenye sahihi za watu ambao hawakuwahi kulitamka jina lako sawasawa. Kontena liko baharini likielekea Kilindini, na ndani yake mna friji mbili na mataulo ya kutosha zahanati nzima. Nyumba ya Mtwapa, pwani ya Kenya, imeshaezekwa vigae. Kilichobaki ni suala la afya, nalo lisikuumize kichwa. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua, na baada ya miaka mitatu utakuwa umejifunza kila kitu, kwa fedha taslimu.

Hatua ya 1: Amini kwamba bima hufuata jasho

Kama ulikuwa Uingereza, jiambie hivi: nimekatwa kodi na bima ya taifa tangu mshahara wa kwanza, kwa hiyo NHS, huduma ya afya ya taifa, ni yangu hadi kaburini. Maneno matamu, yakariri kila unapofunga sanduku. Ukweli ni kwamba NHS haiulizi ulitoka jasho kiasi gani. Inauliza unaishi wapi. Siku unapohama moja kwa moja, haki ya kulazwa bure hubaki kule, pamoja na mwavuli wako. Ukirudi kumtembelea mjukuu na moyo ukakushtua, kitengo cha dharura kitakuhudumia bila malipo. Ukipandishwa wodini, hesabu inaanza, na mtu anayehesabiwa mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida.

Mwenzako aliyestaafia Hispania amebeba fomu iitwayo S1, na kwa fomu hiyo Uingereza ndiyo inayolipia matibabu yake huko. Nenda nawe ukaulizie fomu ya Kenya. Watakujibu kwa adabu kubwa kwamba haipo.

Pensheni, kweli, itakufuata, ila itakuja ikiwa imegandishwa kama samaki wa supamaketi. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambako pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka. Aliyeanza kupokea pensheni mpya kamili mwaka 2016 kwa pauni 155.65 kwa wiki, kisha akaja kuishi huku mwaka huohuo, bado anapokea pauni 155.65. Aliyebaki Birmingham alikuwa amefika pauni 230.25 katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Dawa za presha hazikupewa habari ya kuganda.

Hatua ya 2: Iache Medicare kwa hasira

Wa Minneapolis wasicheke, zamu yao imefika. Ukitimiza miaka 65 Marekani unapata Medicare, bima ya afya ya serikali, na ukiwa umefanya kazi yenye makato kwa miaka 10, Sehemu A, ile ya hospitali, huilipii mchango wa kila mwezi. Tatizo ni dogo tu: Medicare hailipi nje ya Marekani, ukiacha visa vichache vya mpakani na melini. Mtwapa si mpakani, na feri ya Likoni haihesabiki kuwa meli.

Hapo ndipo hasira inapokusaidia. Sehemu B, ile ya madaktari, ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Utasema: nilipe dola 185 kila mwezi kwa daktari aliye upande wa pili wa dunia? Ifute! Miaka mitano baadaye goti linakataa ngazi, wanao wanakuita urudi ukafanyiwe upasuaji, na unaomba Sehemu B upya. Kwanza unangojea dirisha la uandikishaji lifunguliwe. Kisha unaongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliokaa nje, na nyongeza hiyo ni ya maisha. Miaka mitano ni asilimia 50. Kwa bei ya 2025, dola 185 zinakuwa dola 277.50, mwezi hata mwezi, mpaka Mungu atakapokuita. Wahenga walisema mchama ago hanyele. Hawakuwa na Sehemu B, lakini walikuwa na akili.

Wapo wanaojifariji kwa bima ya nyongeza, zile Medigap. Baadhi yake hulipia dharura za ugenini: asilimia 80 baada ya wewe kutoa dola 250 za kwanza, hadi dola 50,000 kwa maisha yako yote. Soma hapo na ufunge karatasi. Usiteremke kwenye mstari unaosema dharura hiyo iangukie ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari. Wewe hukusafiri, umehama. Siku ya 61 utaamka kitandani kwako ukiwa na hati nzuri ya kufungia karanga.

Hatua ya 3: Nunua dunia nzima, toa nchi moja

Sasa utampigia simu wakala wa bima ya kimataifa. Kijana ana heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunayo bima ya dunia nzima. Ila ikijumuisha Marekani, bei inapanda sana. Wengi huchukua ya dunia nzima isipokuwa Marekani."

"Niwekee hiyo."

Umefanya vyema. Medicare inakulinda Marekani peke yake, na hii inakulinda kila mahali isipokuwa Marekani. Umeiziba dunia yote, mradi hukufuta Sehemu B kama tulivyokushauri, na mradi hukuugua kwa mjukuu.

"Swali la mwisho, mzee. Una ugonjwa wowote?"

Hapa usibabaike. Mtu wa kwetu hana ugonjwa. Ana presha ya kawaida na sukari kidogo, na sukari kidogo si kisukari. Jibu: "Sina, alhamdulillahi." Mwaka wa pili utapelekwa hospitali usiku ukihema. Daktari atakuuliza umekuwa na presha tangu lini, nawe, kwa kuwa mbele ya daktari hakuna anayedanganya, utasema tangu 2009. Ataandika 2009. Karatasi hiyo itasafiri hadi kwa watu wa bima, wataiweka kando ya ile fomu yako, na majibu yatakuja kwa barua fupi.

Mkweli ana taabu zake pia. Atajaza kila kitu, kisha ataambiwa presha haimo, au imo baada ya kipindi cha kungojea, au umri wa kujiunga umepita. Ndiyo maana waoga huanza kutafuta bima wakiwa na miaka 55, wakingali kazini, na huomba jibu la maandishi kuhusu kila ugonjwa walio nao. Usiwaige. Umri wa kutafuta bima ni siku ya kulazwa.

Hatua ya 4: Tegemea kadi iliyo kwenye pochi

Ulipoondoka Kenya miaka ya tisini ulikuwa na kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, na bado unayo, imekunjika pembe moja. Itoe kaunta kwa fahari. Binti wa mapokezi ataitazama kama anayetazama sarafu ya tundu. NHIF, iliyozaliwa 1966, ilipisha njia tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Kujisajili si kazi: *147# kwenye simu na kitambulisho mkononi. Kwa hiyo ahirisha.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mwajiri, kama wewe, huulizwa maswali ili ijulikane uwezo wake, na mchango hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Maswali hayo si ya mfukoni tu. Yanahusu paa, kuta, sakafu, choo, na unapikia nini. Jitayarishe kueleza kwamba pensheni yako imeganda. Wakati unaeleza, vigae vya Mtwapa vitakuwa vimeshajibu kwa niaba yako. Kisha mchango hutakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na jambo la kukumbuka, yaani la kusahau, ni kwamba hulipwa kabla ya kuugua.

Hata ukiwa umelipa, SHA ina viwango vyake kwa kila huduma, na hospitali ya kibinafsi yenye viyoyozi ina vyake. Nafasi iliyo kati ya viwango hivyo viwili ndiyo wewe.

Hatua ya 5: Dhani ndege ni hospitali

Rafiki yako Mwitaliano wa Malindi atakuambia ana uanachama wa AMREF Flying Doctors, wale madaktari wa ndege waliokuwako tangu 1957. Ada yake kwa mwaka ni nafuu kuliko unavyodhani, na kwa mtu aliye mbali na daktari bingwa ni fedha iliyotumika vizuri. Jiandikishe, kisha ondoa wasiwasi wote. Ndege itakuja, muuguzi atakushika mkono, utaliona Mlima Kilimanjaro dirishani. Utashushwa Wilson, Nairobi, na gari la wagonjwa litakufikisha mlangoni mwa hospitali. Hapo kazi ya ndege imekwisha. Mlangoni kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu anayetaka amana au barua ya dhamana. Ikiwa ni Ijumaa jioni, mwandika barua za dhamana ameshaenda kwao.

Mahakama Kuu ya Kenya ilisema mwaka 2015 kwamba kumzuia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba. Hukumu nzuri. Inasaidia wakati wa kutoka. Wewe shida yako ni kuingia.

Hatua ya 6: Jitoe kwenye kundi

Ukoo una kundi la WhatsApp. Kila wiki kuna mchango: fulani figo, fulani mguu, khitma ya fulani, karo ya mtoto wa fulani. Ulipokuwa majuu ulituma, kwa sababu walikuita "mfadhili wetu". Sasa umestaafu, na simu haikupi usingizi. Bonyeza "ondoka kwenye kundi". Kimya kitakuwa kitamu.

Baada ya miezi minane mwanao atamwandikia mwekahazina kumweleza kwamba mzee amelazwa. Mwekahazina ni mtu wa daftari, na daftari lake halina kipindi cha kungojea wala ukomo wa umri, na halijali presha ya 2009. Lina majina tu, na mbele ya kila jina kiasi na tarehe. Atalifungua, atatafuta jina lako, ataona pale ulipoishia. Watachanga hata hivyo. Watachanga kama wanavyochanga watu waliokumbushwa mara tatu.

Hatua ya mwisho: Ajiri mtu

Kuna jambo ambalo halimo katika hati yoyote tuliyoitaja. Hata kwa aliyebaki Minneapolis, Medicare hailipii malezi ya kudumu: kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani ili mgongo usifanye vidonda. Hilo unalijua kuliko wakala yeyote, maana ndiyo kazi iliyoijenga nyumba hii. Unajua bei ya saa yake kwa pauni na kwa dola. Unajua inavyoumiza kiuno.

Kwa hiyo itakapofika zamu yako ya kugeuzwa, mtafute binti kutoka bara, mwenye nguvu na asiyeuliza mambo mengi. Sheria inataka umkate asilimia 2.75 ya mshahara wake na kuipeleka SHA kila mwezi. Hilo nalo liahirishe. Mwambie yeye ni kama mtoto wa nyumba hii. Atakufanyia kazi mchana na usiku, na jina lake la kabila hutalitamka sawasawa.

Siku akichoka akaondoka na maumivu yake ya kiuno, mkatie keki.