Barua ya Wazi kwa Kamati ya Madrasa Isiyopenda Kodi

Kwa Mwenyekiti na wanakamati wa madrasa yetu,
Dandora.

YAH: PONGEZI KWA KUENDELEA KUOMBA



Hongereni. Ramadhani imepita, na mmefaulu tena kufanya harambee ya mshahara wa ustadhi bila ustadhi kuuona mshahara. Hema mlikodi, viti mlikodi, vipaza sauti mlikodi. Mgeni wa heshima aliahidi pesa ambazo hadi leo zinatafuta njia ya kutoka kwenye simu yake. Kodi mnajua kuilipa. Kuipokea ndiko hamtaki.

Nasema hivi kwa sababu ya yule mama aliyekuja kwenu kutaka kuweka wakfu vyumba vinne vya ploti yake, kodi yake imlipe ustadhi. Mlimwambia mtalijadili. Mlifanya la busara. Kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi; ndivyo Sayyidna Umar alivyoliweka shamba lake la Khaybar. Tena mwenye kutoa ndiye anayeandika masharti. Akiandika "mshahara wa ustadhi", basi ni mshahara wa ustadhi, si nauli ya kamati wala soda za kikao. Harambee haina usumbufu huo. Ndoo hupita, takbiri hupigwa, hesabu Mungu anaijua.

Kinachonichekesha ni kwamba haya yanatokea Dandora. Mtaa huu ulizaliwa na kodi. Mradi wa kuujenga ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000 vilipimwa. Mtu alipewa choo, bafu na maji, vyumba ajijengee mwenyewe, na wengi walipangisha ili walipe deni. Mpaka leo, ikifika tarehe tano, kuna bibi hapa asiyejua kusoma ila anajua nani amebakisha mia tano tangu Machi. Kila ukuta unamlipa mtu, isipokuwa wa madrasa. Ustadhi mwenyewe ni mpangaji: akisikia viatu vya landlodi koridoni, Juzuu Amma husomeshwa kwa kunong'ona.

Msiangalie mjini Nairobi, mtaharibikiwa. Msikiti wa Jamia una maduka yanayoleta kodi, na sijasikia imani ya mtu imepungua kwa hilo. Wala msiisome sheria ya nchi kuhusu wakfu, inayotaka mali ya namna hii isimamiwe na ihesabiwe. Tume ya Wakfu iko Mombasa, na Mombasa ni mbali, ingawa nusu ya kamati ilikuwa huko juzi kwa harusi.

Jambo moja tu liwatie hofu. Huyu mama bado ni mzima, na mtu mwenye afya yake anaweza kuweka wakfu anachokitaka leo hii, mbele ya mashahidi, kwa karatasi moja. Akiviacha vyumba kwenye wasia, wasia hauvuki theluthi ya mali yake. Akifa bila neno, vyumba vinakwenda kwa warithi, na ni haki yao. Wanawe wameshamleta dalali mara mbili, na mara ya pili alikuja na futi ya kupimia. Mkiahirisha kikao kimoja zaidi, mtakuwa mmesalimika.

Wenu katika kuchanga,
Mzazi, Dandora