Kikao cha Ghorofani

Jioni ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2023. Juu ya soko la Gisenyi, Rwanda, lile ambalo halijaisha, Nondo amesimama kichwa wazi, kutu imemshika hadi kiunoni. Kunguru anatua akiwa na kitu mdomoni.

NONDO: Umeleta nini tena, ndugu yangu? Juzi ulileta mfupa.

KUNGURU: Leo nimeleta mkubwa. Nimemkwapua dirishani kwenye ofisi moja, wenyewe wametoka mbio kwenda kikaoni. Mheshimiwa, jitambulishe.

MUHURI: Nirudisheni mara moja! Mimi ni Muhuri. Bila mimi hakuna barua inayotoka.

NONDO: Karibu, Mheshimiwa. Keti popote, viti bado viko kwenye mpango.

KUNGURU: Mjini habari ni moja tu. Njyanama, baraza la wilaya ya Rubavu, imemwondoa Meya Ildephonse Kambogo. Wanasema ameshindwa kutimiza majukumu yake.

NONDO: Hata matope hayajakauka!

KUNGURU: Usiku wa kuamkia tarehe 3 mto Sebeya ulifurika, ukabeba nyumba za watu. Nchi nzima imezika zaidi ya watu 130. Hapo sitanii, napita.

MUHURI: Lakini mmeona? Uwajibikaji huo! Siku tatu, kiti kiko wazi.

NONDO: Nimeona. Na mwaka 2015 niliona pia. Meya wa wakati ule aliondoka, na suala la kuuzwa kwa soko hili likafika mahakamani. Ya mahakama naiachia mahakama. Ninachojua ni kwamba katika mji huu kumng'oa meya ni kazi ya kikao kimoja, na kumalizia soko kumewashinda watu kwa zaidi ya miaka kumi.

MUHURI: Msinitazame hivyo. Mimi nagonga tu.

KUNGURU: Barua ya kujenga?

MUHURI: Niligonga.

KUNGURU: Ya kumuuzia mwekezaji?

MUHURI: Niligonga.

KUNGURU: Na ya kuikabidhi kampuni ya wawekezaji wa hapahapa Rubavu?

MUHURI: Niligonga, tena kwa wino mpya.

KUNGURU: Na hukusoma hata moja?

MUHURI: Nisome vipi? Maandishi yangu mwenyewe yako kinyumenyume!

NONDO: Mwacheni. Mwenzenu hapa nimekula mvua hadi nimezoea. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ardhi ikatikisika siku kadhaa, kuta zikapasuka mji mzima. Majirani waliniuliza kama niko salama. Nikawaambia, mimi nitaangukiwa na nini? Dari liko wapi?

KUNGURU: Wewe una nafuu, hulipi kodi. Mimi asubuhi hukaa karibu na mpaka mdogo wa Kongo, naenda Goma na kurudi bila kuulizwa kitambulisho. Kuna mama muuza samaki wa sambaza pale. Ana noti ya faranga 500 aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge. Akitaka kuitoa, kwanza anaifungua, anaitazama, anaifunga tena. Ni ya kulipia nafasi. Siku akikosa, mtu mwenye daftari anafika siku hiyohiyo. Hakuna anayemwambia, "Mama, suala lako liko kwenye mchakato."

NONDO: Na noti ile ndiyo iliyoninunua mimi.

MUHURI: Mnasema kana kwamba hakuna utaratibu! Yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka ripoti yake inakwenda Bungeni. Tangu 2011 iko kamati ya wabunge ya hesabu za umma, inawaita viongozi, wanakaa mbele yake kujieleza. Na tangu 2006 mameya wanasaini imihigo, mikataba ya utendaji, na Rais mwenyewe!

KUNGURU: Ni kweli, na kuna nchi jirani zinazotamani hata nusu ya hayo. Lakini sikiliza ujanja wake. Anayeitwa kujieleza leo hakuwapo mkataba uliposainiwa. Aliyekuwapo alishaondolewa. Mpya anasema, "Nilikuta hali hii." Wabunge wanakunja uso, gazeti linaandika. Hasara inabaki yatima.

NONDO: Kwa hiyo kumfukuza meya kunatusaidia au kunatupoteza?

KUNGURU: Kunasaidia iwapo anatoka na hesabu mkononi: kiasi kilichoingia, kilikoenda, aliyepokea. Akitoka mikono mitupu tumebadilisha picha ukutani tu, nanyi mtaendelea kuota kutu kwa awamu.

MUHURI: Na mimi? Mimi ndiye ninayebaki daima. Mameya wanapita, ofisi inanikuta.

NONDO: Ndiyo maana ningeanza kukuhoji wewe. Wewe na wote waliotia saini karibu yako: mhandisi aliyepokea kazi, mhasibu aliyelipa. Hao hawapigiwi kura na hawatajwi redioni.

MUHURI: Kunguru, nirudishe. Kesho asubuhi kuna barua ya pongezi kwa kaimu meya.

KUNGURU: Nitakurudisha. Nyayo zangu za matope zimekuandikia tarehe, usiifute.

NONDO: Nanyi mnaopita hapo chini na vikapu, mnaolipa patante ya biashara na nafasi, wajumbe wa Njyanama mnawajua, ni majirani zenu. Meya mpya akiletwa kwenu, msimpigie makofi kwa soko atakaloahidi. Mwombeni kwanza asome mbele yenu hesabu ya hili lililopo, faranga kwa faranga, na majina ya waliosaini.