Kuku wa Kazi Mbili

Tangu Eldoret itangazwe jiji Agosti 2024, baadhi ya majirani zangu wa Kapsoya wamemwona kuku wa kienyeji kuwa mshamba. Wakamleta Kuroiler, mwenye asili ya India, anayesifiwa kwa mayai yapatayo 150 kwa mwaka, na nyama juu. Yule wetu hujikongoja hadi 40 hivi, tena baada ya kuzurura mtaa mzima.

Mgeni naye ana masharti. Atachakura uani, naam, lakini hayo 150 huyapati bila gunia la chakula cha dukani. Na kutamia? Hiyo si kazi yake. Basi usiku utamwona bwana wa jiji akiyapenyeza mayai chini ya tumbo la yuleyule mshamba, amlelee ukoo. Vifaranga vikitoka havirithi sifa zote za mama.

Desemba ikifika, ndipo kazi ya pili inapokumbukwa: sufuria. Januari, mwenye nyumba anashangaa mayai yamepotelea wapi.

Jirani, ukiyataka mayai ya Januari, wageni wa Krismasi wapikie maharagwe.