Mwongozo wa Mkimya wa Mutanga

Kwanza, mdogo wangu, usijigeuze. Bujumbura ina wasemaji wa kutosha: wamejaa ligalani Nyakabiga, pale vijana wa mtaa wanapokutana, na wamejaa kwenye kabare wakingoja mishikaki ya mbuzi iive. Wewe unayekaa pembeni ukimenya karanga una kazi yako, na imekwisha kuanza bila kukupigia hodi.

Nunua daftari. Kila jioni ukitoka kampasi ya Mutanga, andika jambo moja tu: leo nani kanijia, na kataka nini? Usiandike unachokipenda. Ukijiuliza unapenda nini, utajibu kama ulivyozoeshwa nyumbani: udaktari, sheria, uchumi. Andika ulichoombwa. Mmoja kaazima maelezo yako ya takwimu, kwani yako ndiyo yanayoeleweka. Mwingine kakuvuta kando umtengenezee barua ya kumwomba baba karo. Wa tatu kaketi kitandani mwako saa nzima, kalia, kashukuru, kaenda zake, nawe hukutamka neno. Baada ya mwezi, hesabu. Aliyeombwa barua mara 9 asiseme ni bahati.

Siku usiyo na darasa, shuka Buyenzi kwenye magereji. Si lazima ushike spana. Mtazame fundi: mwenye gari anaeleza ubovu kwa mikono miwili, abiria wake anambishia, na fundi kainamisha sikio juu ya injini, anangoja gari liseme lenyewe. Nililiona hilo nikiwa mwaka wa pili, nikasimama pale mpaka adhuhuri. Kumbe kusikiliza kunalipwa!

Wakikuambia redio ni ya wenye midomo, wakumbushe Marie-Louise Sibazuri. Mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio, ilianza kutayarisha mchezo aliouandika, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, juu ya Wahutu na Watutsi waliopakana nyumba. Sauti za waigizaji zilisikika hewani, lakini kila neno lilipita kwanza kwenye karatasi, na maneno ya majirani hawezi kuyaandika asiyewasikiliza.

Daftari likijaa, mtafute yule aliyelia kitandani mwako. Muulize kwa nini alikuja kwako, si kwa mwingine. Kisha nyamaza, kama kawaida yako, mpaka amalize.