Dereva wa Ndoto

Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alinasa ishara za macho za mtu aliyelala fofofo: najua kwamba naota. Baadaye Stephen LaBerge wa Stanford akathibitisha hilo. Hadi hapo, sayansi. Mwaka 2010 ikatoka Inception, filamu ya watu wanaoingia ndotoni, na wauza kozi na barakoa za usingizi wakachangamka: itawale ndoto yako! Upae, utajirike, umkumbatie umtakaye. Basi mtu anayeshindwa kuamka kwenda kazini sasa anatega kengele saa kumi alfajiri, ajikurupushe, kisha alale tena aote kwa nidhamu. Hongera, bwana. Usiku, umeshika usukani. Mchana, kwenye maisha yako mwenyewe, bado u abiria, tena wa kusimama.