Kufagia Simu Kila Dakika, kwa Faida ya Nani?

Jamani, hili la vidole limenichosha. Kaa na vijana kijiweni, muda wa vikombe viwili vya kahawa tu, ujionee. Mtu amesoma meseji ya WhatsApp, amejibu "poa", kidole kimeshakwenda chini ya kioo kufungua orodha ya programu alizozitumia. Anaanza kuzirusha juu. Facebook, nje. TikTok, nje. Ramani, nje. Kikokotoo nacho nje, na alichojumlisha humo ni bei ya tairi asubuhi. Dakika tano hazijapita anarudi WhatsApp, anaisubiri ifunguke upya, anasoma, anairusha tena.

"Mdogo wangu, unafanya nini?"

"Naipunguzia mzigo, kaka. RAM imejaa."

Nasonya. Simsonyi kijana, maana yeye kafundishwa na fundi, na fundi kafundishwa na fundi mwenzake, na wote wanaamini wanaitendea simu wema. Kinachoniuma ni kwamba simu ni mali. Dereva wa boda ameinunua kwa kujinyima, ndiyo ofisi yake, ndiyo benki yake, ndimo zilimo picha za mtoto. Halafu kutwa nzima anaifanyisha kazi mara mbili akidhani anaipumzisha.

Tuanze na hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu unazozitumia, na huko "kujaa" kwake. Android, mfumo unaoendesha simu hizi, ulizaliwa kwenye umaskini wa RAM. Simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, ile T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya MB 192. Siyo giga, ndugu yangu, mega. Waliounda mfumo walijua tangu mwanzo kwamba nafasi haitatosha kila kitu kwa wakati mmoja, wakaupa mfumo wenyewe kazi ya kugawa. Dianne Hackborn, mmoja wa wahandisi wa Android pale Google, alilieleza jambo hili hadharani tangu Aprili 2010: mtumiaji hatakiwi kuhangaika kufunga programu. Ukitoka kwenye programu, mfumo unaiacha ndani ya RAM ikiwa imetulia, ili ukirudi uikute palepale ulipoiacha. Nafasi ikihitajika, mfumo wenyewe unaitoa.

Na hautoi ovyo. Kila programu ina alama yake. Ile iliyo mbele ya macho yako iko juu kabisa. Inayofuata ni ile inayokupigia muziki au inayokuelekeza njia wakati unaendesha. Chini kabisa zimepangwa zile ulizoziacha zamani. RAM ikibana, kuna mlinzi ndani ya mfumo anaanza kuua kutoka chini kwenda juu, na hata kabla hajaua, mfumo unazikunja data ambazo hazitumiki ili zichukue nafasi ndogo zaidi humo humo kwenye RAM. Uwezo huo wa kukunja ulitiliwa mkazo kwenye Android 4.4 ya mwaka 2013, toleo lililolenga simu za RAM ya MB 512. Kwa hiyo kazi unayoifanya kwa kidole kuna mwenyewe anayeifanya, na anaijua kuliko wewe na mimi.

Unapofungua mipangilio ukakuta RAM karibu yote inatumika, usishtuke. RAM tupu haikupi kitu. Ikiwa tupu au ikiwa imejaa, inakula umeme uleule. Kinachokula chaji ni kuifungua programu upya kila mara, kwa sababu hapo ubongo wa simu unapiga kazi kweli: kusoma faili kutoka kwenye hifadhi, kuzipanga, kuchora kioo, pengine kwenda mtandaoni kutafuta tena kile ulichokuwa nacho dakika mbili zilizopita, na bando lako linakwenda humo. Mama ntilie hawezi kumwagia maji jiko la mkaa kila akimaliza kikombe kimoja cha chai, halafu aanze kuwasha upya mteja wa pili akitokea. Angefunga biashara. Lakini simu zetu tunazifanyia hivyo kutwa.

Haya, tuje kwenye hasara ambayo mtu anaiona kwa macho. Dereva wa boda anayechukua abiria kwa programu ya usafiri amekaa kijiweni saa nzima, simu kimya, wenzake wanaitwa. Analalamika kwamba kampuni inambania. Nikamwomba simu nikaitazama: ile programu ameirusha juu pamoja na nyingine zote. Kwenye Android ya kawaida, kurusha programu juu hakuizuii kupokea taarifa zake. Lakini kuna watengenezaji wa simu wameongeza ukali wao, kiasi kwamba kwenye baadhi ya simu kuirusha ni sawa na kuisimamisha kwa lazima. Na programu iliyosimamishwa kwa lazima haiamki yenyewe mpaka uifungue kwa mkono wako. Haitapokea ujumbe, haitapiga kengele, haitajua hata kama umewasha upya simu. Abiria ameita, simu haijui.

Ramadhani iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alilala akitegemea programu ya adhana imwamshe kupika daku. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, aliichukua simu ya mama usiku "kuisafisha". Akaingia kwenye mipangilio, programu moja moja, simamisha, simamisha, simamisha. Kengele ya daku ikafutika pamoja na programu iliyoitega, kwa sababu ndivyo ilivyo: ukisimamisha programu kwa lazima, kengele zote ilizozitega zinaondoka nayo. Nyumba nzima iliamshwa na adhana ya alfajiri kutoka msikitini. Wakafunga hivyo hivyo, na watoto nao wakataka kufunga. Sasa mzigo uliopunguzwa hapo ni upi?

Linalonikera zaidi ya vidole ni visafishaji. Unavijua: programu yenye picha ya roketi au ufagio, inayokutokea na namba nyekundu kwamba simu yako iko hatarini. Unabonyeza, mduara unazunguka, kunatokea maandishi ya kijani kwamba RAM imeachiwa, halafu tangazo. Unalifunga tangazo, linakuja la pili. Kilichofanyika hapo, kama kimefanyika, ni kuziua programu zilizokuwa zimetulia, ambazo nyingine zinaamka tena mara moja kwa sababu zina kazi ya kufanya. Na kisafishaji chenyewe kinabaki nyuma kikikusubiri, kinakula RAM ileile unayotaka kuiokoa.

Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwenye duka lake la Play kwa kosa la matangazo yanayowavamia watu. Mwaka 2023 ikaja Android 14, na humo wakafunga mlango mmoja muhimu: amri ambayo visafishaji vilikuwa vikiitumia kuua programu nyingine, sasa inaishia kwenye programu iliyoitoa. Haivuki. Kwa hiyo kama simu yako ni ya Android 14 au zaidi, kisafishaji ulichokipakua hakina uwezo wa kuua jirani zake kwa njia ile ya zamani. Vingine vinakuomba ruhusa ya huduma za ufikivu ili vibonyeze mipangilio kwa niaba yako. Ndugu yangu, hiyo ruhusa iliwekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, na anayepewa anaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo chako, pamoja na salio lako la pesa za simu. Unampa mgeni ufunguo wa nyumba eti akufagilie uwanja. Aka!

"Sasa kaka, mbona simu inaganda kweli?"

Swali la haki hilo, na anayeuliza asidharauliwe. Simu inaganda kweli. Mara nyingi tatizo liko sehemu mbili ambazo kidole hakizifikii. Ya kwanza ni hifadhi, yaani pale zinapokaa picha, video na programu zenyewe. Hifadhi ikikaribia kujaa, simu inakosa pa kuandikia na kila kitu kinakuwa kizito, hata kama RAM ina nafasi. Na nani anaijaza? Magrupu. Grupu la harusi, la ukoo, la darasa la saba, la chama, na kila moja lina mtu wake wa kutuma video ya asubuhi njema. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kwenye hifadhi na data, kisha udhibiti hifadhi. Utaona faili zilizozidi MB 5 zimewekwa pamoja, na zile zilizosambazwa mara nyingi zimewekwa pamoja. Futa hizo. Zima na kule kujipakua zenyewe. Ukimaliza hapo utakuwa umeifanyia simu yako jambo ambalo hakuna roketi wala ufagio vitalifanya.

Sehemu ya pili ni kwamba programu zimekua na simu zetu hazikukua nazo. Google ilitangaza Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu za RAM ya giga moja au chini yake, na ilikuwa msaada mkubwa kwa nchi zetu. Lakini kufika Android 13, toleo hilo hilo la Go linataka angalau giga mbili. Mwenye simu ya giga moja aliachwa njiani, na hakuna kurusha kidole kutakakombeba. Huyo namshauri atumie programu nyepesi pale zilipo, kama Facebook Lite, ambayo ipo tangu 2015, na azitoe kabisa zile asizozitumia. Kutoa, siyo kurusha juu.

Sisemi mtu asifunge programu hata siku moja. Programu ikikwama, ifunge. Ukiona kwenye matumizi ya betri kwamba kuna programu imekula chaji nyingi usiku na wewe umelala, hiyo hiyo moja iwekee vizuizi, au itoe. Na zile za muhimu, kengele, programu ya abiria, ya adhana, nenda kwenye mipangilio ya betri ya kila moja uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi, hasa kama simu yako ni ya wale watengenezaji wakali. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 mfumo unazinyamazisha programu simu ikilala mezani bila kuguswa. Tangu Android 9 ya 2018 unazipanga kwa makundi kulingana na unavyozitumia. Na tangu Android 12 ya 2021 ile uliyoisahau kwa miezi inalazwa kabisa na kunyang'anywa ruhusa zake. Kazi imefanyika. Tuuache mfumo uifanye.

Nimebakiza la mwisho, na hili ndilo linalonifanya nisonye kwa sauti. Nenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, simama kwenye duka lolote la simu. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: RAM GB 8. Hapo chini, kwa herufi ambazo mzee anahitaji miwani, pameandikwa 4+4. Ile nne ya kwanza ni RAM. Ile nne ya pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kijifanye RAM. Hifadhi ni polepole mno ikilinganishwa na RAM, na inachakaa kadiri inavyoandikwa na kufutwa. Tena kipande hicho kinakatwa kwenye nafasi yako mwenyewe ya picha na video, ile ile ambayo grupu la ukoo linaimaliza.

Teknolojia yenyewe siilaumu, inaweza kusaidia kidogo programu za nyuma zisiuawe haraka. Ninachokilaumu ni ile nane kubwa. Mtu katoka Mbagala na fedha zake mkononi, anaambiwa ananunua simu ya giga nane, anarudi nyumbani na simu ya giga nne. Miezi sita baadaye inaganda, na fundi anamwambia kosa ni lake, hafungi programu. Anaanza kurusha kidole. Anapakua kisafishaji. Huo mzunguko ulianzia kwenye boksi, na lawama zimemwangukia asiye na kosa.

Ndugu zangu, ukienda dukani usiulize "RAM ngapi". Uliza "RAM halisi ngapi, ukiondoa ya nyongeza", na umwambie muuzaji aiwashe simu akuonyeshe kwenye "Kuhusu simu" kabla hujatoa hata shilingi. Akisita, duka la pili liko hatua kumi kutoka hapo.